Angalau Kama Majani Chai

Nakumbuka Jumamosi moja tulipogoma kuchuma chai, wasichana wote wa bweni, tukaketi kwenye matope katikati ya michai huku tumekunja mikono na kununa. Cheka tu, mwanangu. Mimi mwenyewe nikiikumbuka nashika mbavu.

Ulirudi kutoka shule jana uso umevimba kwa hasira, ukaniambia mwenzenu ameugua, hamna nesi, na kwamba Jumatatu mnagoma kula. Sawa. Keti hapa, chukua kikombe cha mursik, maziwa yamelala vizuri kwenye kibuyu, kisha unisikilize. Shule hiyo unayoisomea nilisoma mimi kabla yako.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mbichi, na huku Merigi kila kilima kilitaka shule yake ya harambee. Yetu ilikuwa na shamba la chai, nasi wanafunzi ndio tuliolichuma kila Jumamosi ili shule ipate mapato. Baba yangu alikuwa ametoka Kisii kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, kwa hiyo mimi nilikua nikiongea Kiswahili cha kambini. Rafiki yangu Chepkemoi, mzaliwa wa papa hapa, alinifundisha Kipsigis, na utundu pia. Nilimpenda kama dada wa tumbo moja.

Basi Chepkemoi akashikwa na homa. Hospitali ya shule yetu ilikuwa chupa ya vidonge kwenye kabati la hedimasta, na hedimasta naye aliamini kila ugonjwa ni uoga wa mtihani. Akampa kidonge na chai ya moto, akamwambia apumzike stoo, juu ya magunia ya mahindi. Alilala pale akitetemeka, mpaka akaanza kuongea na nyanya yake aliyekufa zamani. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa vibaya sana. Tukambeba kwa blanketi hadi barabarani, na gari la kwanza kupita likawa lori la majani chai. Dereva alilalamika kwamba majani yakichelewa kiwandani yanaharibika, lakini akampakia. Chepkemoi akafika hospitali ya Longisa amelala juu ya majani. Akapona, akarudi ananukia chai, na kazi yake ikawa kujisifu kwamba hajawahi kulalia kitanda laini kama kile.

Yeye alicheka, sisi tulikasirika. Tulikuwa tumesikia kwamba kamati ya shule inakutana Jumamosi kuamua mawe yaliyochangwa kwa harambee yatajenga nini, na hedimasta alitaka geti. Geti kubwa, lenye jina la shule juu, ili wageni wakifika wajue wamefika. Nguzo zake mbili zilikuwa tayari zimesimamishwa. Ndipo tukaapa kwamba siku hiyo hakuna jani litakaloingia kikapuni.

Mzee arap Tanui, mwenyekiti wa kamati, akaja kwa fimbo yake, koti limelowa mvua. Akaviangalia vikapu vitupu, kisha akatusalimu yeye, "Chamgei," ilhali sisi watoto ndio tuliopaswa kuanza. Tukaitikia kwa sauti ya chini, tukitazama miguu yetu.

"Mumekasirika, hiyo naona," akasema kwa Kiswahili, maana si sisi sote tuliokijua Kipsigis vizuri. "Lakini munataka nini?"

Tukazidi kukunja mikono.

"Kuna mkubwa gani mumeambia, kabla ya kukalia hii matope?"

Kwa kweli tulikuwa tumenung'unika muhula mzima, sisi kwa sisi, bweni likajaa maneno, na hakuna mzazi hata mmoja aliyeyasikia.

"Sasa munataka mimi nisome kikapu? Hata kitabu sikusoma!"

Wenzangu wakanisukuma kwa viwiko, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa mbele ya chao. Nikasimama, sketi yote matope.

"Mzee, hii majani tukichuma asubuhi, lori inakuja leo leo. Hakuna mtu anaiambia ingoje. Lakini Chepkemoi alipogonjeka, aliwekwa stoo."

Akagusa kikapu changu kwa fimbo. "Kwa hivyo unataka mtoto achungwe kama majani chai?"

"Hapana, mzee. Angalau kama majani."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaegemea fimbo kwa mikono miwili, kisha akajifuta macho, na sijui kama ilikuwa mvua au kicheko. "Chumeni kwanza," akasema, "hii majani haijawakosea. Halafu mukuje kwa mkutano, na wewe uongee vile umeongea hapa. Lakini usalimie watu kwanza!"

Tulichuma tukiimba, vikapu vikafurika. Mkutanoni hedimasta alilisifu geti lake mpaka wazee wakaanza kusinzia. Kisha nikasimama. Nikasalimu, nikayasema yale yale. Mama yake Chepkemoi, aliyekuwa ameketi nyuma kwenye nyasi na akina mama wenzake, hakuwa anajua kuhusu stoo. Akainuka.

"Mwalimu, mtoto akichemka, tutamuegemeza kwa geti?"

Wee! Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wa jirani wakatimka. Hedimasta naye akacheka mwishowe, na nitamsifu kwa hilo: siku ya kujenga alibeba mawe pamoja nasi. Chumba cha wagonjwa kikasimama, na nesi akawa anatoka Longisa kila wiki kuja kutuona. Na mgonjwa wa kwanza? Chepkemoi, mzima kabisa, ameshika tumbo kukwepa hesabu! Nesi akamnywesha kijiko kikubwa cha dawa chungu, akapona kabla kengele haijalia.

Sasa sikia, mwanangu. Kile chumba mnachorundikia madawati yaliyovunjika ndicho hicho chumba. Hasira yako si mbaya, hata mimi nilikasirika uliponiambia. Lakini chakula hakijawakosea. Kuleni mshibe, kisha mwende kwa mwenyekiti wa kamati, mumsalimu, mumweleze ni nani aliugua na alilala wapi. Waambieni na mama zenu, maana mama hawezi kupigania asilolijua. Na wakikubali kumrudisha nesi, msirudi bwenini kulala. Toeni hayo madawati kwa mikono yenu.

Mungu akupe mwili wenye afya na ulimi usiotetemeka. Akupe wakubwa wanaosikia, na marafiki wa kukubeba ukilemewa. Siku ya mkutano wa kamati, ukishapita kati ya zile nguzo mbili zisizo na geti, tazama nyuma, kwenye nyasi. Mimi na Chepkemoi tutakuwa tumeketi pale, na vigelegele bado tunavyo.