Kisu cha Mikono Miwili

Ile siku niliyotia springi kwenye kisu naikumbuka vizuri, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Jana uliniletea video ya kisu kwenye simu: "Baba, nitengenezee kama hii, inajifungua yenyewe!" Nikakurudishia simu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliumia.

Kazi hii nilifunzwa na Mzee Koros, fundi wa kule Olenguruone. Alitengeneza visu vya kukunja kwa vipande vya msumeno mkuukuu, wakulima wakatie kamba za magunia ya viazi. Kabla ya kuanza kuviuza alikwenda kituo cha polisi mwenyewe kuuliza ni kisu gani kinaruhusiwa. Askari walimcheka, lakini walimwambia. Basi bapa la kisu chake halikuzidi kiganja, na lilikuwa na mkwaruzo wa kushikia kwa ukucha unapolifungua. Kila kisu alimpa mkewe akijaribu. Kikifunguka kwa mkono mmoja, anakivunja hapo hapo.

"Mtu wa kazi ana nafasi ya kutumia mikono miwili," aliniambia. "Mwenye haraka ni mwenye hasira."

Nikahamia mjini, mtaa wa Free Area, nikafungua kibanda changu, kichwa kikavimba. Nilijiona fundi kuliko aliyenifunza, bure kabisa! Mdogo wangu Kiprono, baba yako mdogo, alikuwa akipakia mizigo kwenye malori kule Salgaa. Aliniomba kisu cha kawaida tu. Mimi nikatia springi niliyoitoa kwenye kiti kibovu. "Bonyeza hapa," nikamwambia. Kikaruka, chwa! Akacheka sana. "Bro, wewe ni noma!" Nikafurahi kama nimejenga ghorofa.

Haikupita wiki, askari wakawapekua wapakiaji, wakakikuta mfukoni mwake. Hakuwa amemtishia mtu, lakini kisu cha kujifungua kilihesabiwa silaha. Kortini hakimu akamuuliza amekitoa wapi. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Kiprono aliniangalia mara moja tu, kisha akasema, "Niliokota, mheshimiwa."

Ningeweza kusimama. Sentensi moja tu ilitosha: hicho ni changu, nimekitengeneza mimi. Niliangalia viatu vyangu. Aibu iliyoje, mwanangu! Akafungwa, na mama yetu akafa kabla hajatoka. Kila asubuhi aliniuliza, "Kiprono yuko wapi?" Nami nikamjibu, yuko safarini.

Alipotoka hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Nilimtengenezea kisu kingine, cha mikono miwili, kwa ustadi wote nilio nao. Alikigeuza geuza, akanirudishia. "Achana nayo, bro." Si umemwona msimu wa viazi akikata kamba za magunia kwa meno, na nyinyi vijana mnamcheka? Sasa mnajua sababu.

Njoo Jumamosi nikufundishe. Lakini kwanza uende uulize sheria inasemaje, usitegemee video. Tengeneza kisu kidogo, kigumu kufungua, kisicho na springi. Ukienda shambani kibebe, ukienda mjini kiache nyumbani. Na kazi ya mikono yako ikimtia mwenzako taabani, usingoje kuulizwa, sema ni yako.

Mungu abariki mikono yako, mwanangu, yote miwili. Na siku ikifika ya kusimama mbele za watu, akupe miguu niliyoikosa mimi.