Fimbo Aliyoinyakua Mama Kanyere

Jokébed wa Butembo ni mshonaji, lakini hawezi kusimulia jambo akiwa amekaa. Akianza kueleza ugomvi wa majirani, mashine ya kushona inasimama, naye anainuka na kuwaigiza wote wawili. Kwa hiyo paroko mmoja wa Beni alipotafuta watu wa kuonyesha historia ya Kongo siku ya uhuru, walimtaja yeye kabla ya mwingine yeyote.

Alikusanya waimbaji, akawashonea nguo, akawafundisha mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi ya siku yenyewe walipanda kamyo ya Moustapha, msafirishaji wa maharagwe wa Beni. Walipofika, yule wa kuigiza muzungu akaanguka na malaria.

“Nani atafanya muzungu?” Jokébed akauliza, macho tayari kwa Moustapha.

“Miye? Mais Kifaransa yangu inatembea na magongo!”

“Muzungu ule ni wa kelele tu. Kelele uko nayo.”

Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Kwa vita isiyoisha, watu wa Beni walikuwa wamechoka kukutana kwenye matanga tu. Siku hiyo walikuja na ngoma. Mbele kabisa aliketi Mama Kanyere, mama yake Jokébed, aliyekuwa msichana mdogo mwaka wa uhuru.

Maliro na jamaa zake, Bambuti wa msituni upande wa Eringeti, walifungua onyesho. Waliimba peke yao, kwa maana katika msitu ule wao ndio walikuwa wa kwanza. Kisha wakaingia Banande, wamevuka mto Semliki na mbegu za ulezi na migomba. Baada yao wenye bunduki, wakitafuta pembe za ndovu na watu wa kufunga kamba. Mwisho akatokea Moustapha, kofia nyeupe kichwani, fimbo mkononi, akiwafokea waliochimba barabara. Watu walicheka mpaka machozi.

Ndipo akainua fimbo juu ya mgongo wa mchimbaji mmoja.

“Hapana!”

Mama Kanyere alikuwa keshafika jukwaani. Aliikamata fimbo kwa mikono miwili, akaivuta, akainyakua. “Baba yangu mulimupiga kwa barabara hii! Leo hapana! Hautapiga tena mutu!”

“Koko, bibi yangu, unisamehe,” Moustapha akanong’ona, kofia imeanguka. “Miye niko Moustapha, wa kamyo!”

“Najua. Lakini muzungu ule wa kweli hakukuwa na mutu wa kumuzuia.”

Jokébed hakuwa amewahi kusikia habari hiyo ya babu yake hata mara moja. Bado palikuwa na sehemu nzima ya onyesho kabla ya uhuru. Akaitupilia mbali.

“Ngoma!” akapiga kelele. “Uhuru imefika!”

Ngoma zikalia. Mama Kanyere akaivunja fimbo kwenye goti la Moustapha, naye akapiga yowe la kweli, kisha mama huyo akaonyesha jinsi walivyocheza mwaka ule wa sitini, mabega kwanza, miguu baadaye. Maliro akamjibu kwa wimbo. Watu wakashuka ukutani, wakapanda jukwaani, mbao zikalalamika.

Wiki hiyohiyo wakaitwa kwenda kuigiza kijiji cha Mavivi. Jokébed alimuuliza mama yake kama angependa kukaa mbele tena.

“Kukaa?” Mama Kanyere akashangaa. “Nishonee nguo, mutoto. Na ile sehemu uliyoruka, leo nitakuambia vile ilikuwa.”