Mchele Kifuani

Sina kisa cha kusikitisha cha kuwapa. Sikuachwa na mume, sikuchekwa na mtu, wala sikuugua. Nilitaka matiti makubwa, basi. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, watoto wangu wawili walikuwa wamenyonya mpaka wakamaliza kila kilichokuwamo, na kila nilipovaa umushanana, lile vazi letu Wanyarwanda la harusi linalofungwa begani, kitambaa kiliteremka moja kwa moja mpaka tumboni kama pazia. Nilichoka.

Daktari wa kule Nyarutarama alinieleza njia mbili. Ya kwanza ni mifuko ya silikoni, ambayo huwekwa juu ya msuli wa kifua au chini yake; unachagua ukubwa na unaondoka nao. Ya pili ni mafuta yangu mwenyewe: yanavutwa mapajani, yanasafishwa, kisha yanaingizwa kifuani kwa sindano. Hii ya pili huongeza kidogo tu, akasema, na sehemu yake hunyonywa na mwili baada ya miezi, kwa hiyo nisitarajie maajabu. Nikamwambia maajabu ndiyo yaliyonileta. Akacheka, akamwita nesi anipe somo la mchele.

Somo lenyewe ni hili: unajaza mchele kwenye soksi ndefu za nailoni, unapiga fundo, unazitia ndani ya sidiria na kuishi nazo. Unapika nazo, unafagia nazo, mpaka ujue ukubwa upi unakufaa. Nilinunua mchele sokoni Kabuga, karibu na nyumba ninayoishi na mama. Muuzaji aliuliza kama ni wa pilau. Nikamjibu ni wa mapambo.

Mama haoni. Presha ya macho ilimpokonya nuru zamani, na masikio nayo yamechoka. Anamjua mtu kwa kumkumbatia. Salamu yetu Wanyarwanda ndiyo hiyo, kifua kwa kifua, mikono mgongoni, bila haraka, na mama huirefusha mpaka apate jibu. Jirani, padri, wajukuu, hamkosei hata mmoja.

Jumamosi moja ya umuganda, barabara kuu inayopita karibu nasi ikiwa kimya kabisa kwa kuwa watu wote wako kwenye kazi ya mtaa, niliuvaa mchele kwa mara ya kwanza na kwenda kumwamkia. Alikuwa amekaa kitandani. Niliinama, akanipokea, na mikono yake iliyozoea kunipapasa mgongo ikasimama. Kisha akaniita kwa jina la dada yangu.

Dada yangu mkubwa alifariki tukiwa bado Karagwe, Tanzania, tulikozaliwa. Alikuwa na kifua kilichojaa. Nguo zake nilizorithi zote zilinipwaya. Sauti zetu zilikuwa moja, hata baba alikuwa akituchanganya tukimwitikia kutoka uani. Kifua ndicho kilichotutofautisha.

Nilipaswa kusema ni mimi. Badala yake nilisema, "Ndiyo, mama."

Mama wala hakushtuka. Alinishika uso, akaniuliza habari za safari, akauliza kama huko ninakokaa kuna baridi na kama wananilisha vizuri. Alinisemesha maneno laini ambayo mimi niliyebaki, mimi ninayempa dawa na kugombana naye juu ya chumvi, sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Nilimwonea dada yangu wivu, na wakati huohuo sikutaka mama anyamaze.

Basi nikaendelea. Asubuhi nilimsalimia kama mimi, halafu jioni nikitoka kazini nilivaa mchele na kuingia kama dada. Alinisubiri. Mchele ulishika joto la mwili wangu, na nilipouvua na kuuweka juu ya kabati ulibaki na joto hilo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Siku moja nilijikuta ninaufunika kwa kitenge ili nisiuone. Hata hivyo nesi alipopiga simu kuuliza kama nimeamua, nilimwambia nimeamua: mifuko, ukubwa huuhuu. Nilitaka mama anipokee vile maisha yangu yote.

Jioni iliyofuata mama alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Mdogo wako usimchukue," akaniambia. "Bado iko na kazi hapa."

Nilitoka chumbani. Asubuhi yake nilikwenda kumwamkia bila mchele. Alinibana kifuani pake kuliko kawaida, akatega kama anayesikiliza kwa kifua, kisha akashusha pumzi. Akaniambia dada yangu amekuwa akija jioni. Nilimuuliza anajuaje kama si mimi niliyenenepa.

"Yule moyo yake haipigi," akasema, kwa utulivu wa mtu anayeeleza hali ya hewa. "Namkumbatia, nasikiliza, kimya. Ndio najua ni marehemu. Yako inagonga, mwana wanjye."

Siku zote hizo mama alikuwa akimkumbatia mfu akijua ni mfu, na mfu mwenyewe ni mimi, moyo wangu ukiwa umezibwa na mchele. Sijawahi kuogopa namna ile. Mchele niliwamwagia kuku wa jirani, maana kuupika sikuweza.

Niliporudi kwa daktari, nilimuuliza swali moja: mtu akinikumbatia, moyo wangu utasikika? Aliweka kalamu chini. Akasema wanawake humuuliza juu ya kovu, juu ya kunyonyesha, juu ya waume zao, lakini hilo hajaulizwa. Juu ya msuli au chini yake, akasema, mfuko utakuwa kitu kilichokaa kati yangu na huyo mtu. Mafuta ni mwili wangu mwenyewe, na yatakuwa kidogo, lakini hawezi kuniahidi lolote. Nikamwambia anipe mafuta.

Kungekuwa na busara kuacha kabisa, najua. Lakini nilikuwa bado nayataka matiti hayo, na mimi nikitaka kitu huwa nakitaka kweli.

Wakati wa kupona nilikatazwa kukumbatiwa. Mama alinyoosha mikono kila asubuhi, nami nikampa viganja vyangu tu. Alivishika bila kuuliza. Mimi ndiye niliyejiuliza, kila nilipojitazama kwenye kioo na kuona kifua kilichopanda kidogo: je, akisikia kimya? Nitakuwa nimekufa kwa mama yangu, na bado nampikia uji.

Siku ya ruhusa ilipofika niliingia chumbani, nikainama. Mama akanipokea. Mikono yake ilipanda mgongoni, ikasimama, kama ile Jumamosi. Alitega. Nilibana pumzi, kisha nikakumbuka kwamba nikibana pumzi nitazidi kuwa kimya, nikaiachia.

"Inagonga," akasema taratibu. Akanibana tena, akanipima kwa kifua chake, na uso wake ukafunguka.

"Leo mmekuja wote wawili."

Akasogea ukutani, akapapasa kitanda, akatuachia nafasi ya kukaa.