Miaka 41 akikaza ngoma, sasa masikio yanamwacha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye uwanja wa shule, na Verlin Tesch amepiga magoti juu ya gunia alilolikunja mara mbili. Mbele yake kuna ngoma nyeupe yenye skrubu kumi na mbili kuizunguka. Anachomoa ufunguo mdogo wa shaba anaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, anakaza skrubu moja, kisha anahamia ile inayoielekea ng'ambo na kuikaza kiasi kile kile.

Anaigonga ngozi karibu na ukingo kwa ncha ya kijiti. Anainua macho kumtazama msichana aliyesimama mbele yake, mikono kwapani kwa baridi. Msichana anashusha kidole gumba.

"Chini bado?" anauliza Verlin.

"Kidogo, Mzee. Unywele tu."

Verlin anakaza tena. Ana umri wa miaka 66. Sikio lake la kushoto lilikufa miaka mitatu iliyopita. "Hilo nimelizika bila matanga," anasema. "La kulia ndilo mgonjwa wangu sasa."

Hii ni wiki ya pili ya kambi ya Walinzi wa Kandili, kikosi cha ngoma na tarumbeta cha mji wa Oskelby, Wisconsin. Kikosi kina vijana 112, na hakuna aliyepita miaka ishirini na mmoja, maana ndiyo sheria. Mwezi wa Juni watapanda mabasi kwenda kushindana mji hadi mji, mpaka fainali za Agosti. Kwa sasa wanalala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo na wanakula mara nne kwa siku kutoka kwenye lori la jikoni. Jua linawachoma mpaka alama ya soksi inabaki mguuni hadi Krismasi.

Kazi ya Verlin ni ngoma. Kabla ya kila msimu hubandua ngozi zilizochoka, hufuta vumbi la mwaka jana ndani ya mapipa ya ngoma kwa kitambaa kikavu, huvisha ngozi mpya na kuzikaza. Kuna ngoma tisa za mstari wa mbele, zile kali zenye waya chini, na hizo ndizo zinazompa shida.

"Tisa zikisema kama moja, umefanya kazi," anasema. "Zikisema kama tisa, umeleta kelele tu, na watu wana kelele zao nyumbani."

Kikosini kuna desturi ya zamani kuliko mabasi yao. Kijana hagusi ngoma mpaka fundi aigonge mara tatu kwa kifundo cha kidole. Ikishagongwa, basi, imepita. Hakuna mpigaji anayebisha, hata mwalimu habishi. Kwa miaka 41 ambayo Verlin ameshika ufunguo ule, hakuna aliyewahi kubisha.

Desturi hiyo ndiyo iliyoleta balaa la Jumanne iliyopita.

Asubuhi hiyo Verlin alikaza ngoma zote tisa na kuzigonga zote mara tatu. Ya nne ilikuwa chini. Haikuwa chini kidogo. Wapigaji wote tisa waliisikia toka pigo la kwanza, na wote tisa wakanyamaza, kwa sababu fundi alikwisha kuigonga.

Ngoma ya nne ni ya Pakou Lor, binti wa miaka ishirini na mmoja, mtoto wa washona mapazia wa huko huko Oskelby. Huu ni msimu wake wa mwisho, mwakani umri hautamruhusu. Ndiye aliyekuwa na kidole gumba hewani leo asubuhi.

Siku nzima mstari ulisikika mchafu. Mwalimu wa ngoma, Desmond Oyler, aliwasimamisha mara kumi na moja. Hakuishuku ngoma, kwani nani aishuku ngoma ya Verlin? Alishuku mikono. Kufikia saa nane mchana alimtoa Pakou mstarini, akampeleka nyuma ya majukwaa akajifue peke yake, na nafasi yake akampa mpigaji wa akiba.

"Aliniambia kama kesho nitakuwa hivi hivi, nafasi imekwenda," Pakou anasema. "Nimeingia kikosini nikiwa na miaka kumi na sita. Nikajiona narudi nyumbani kushona mapazia mwezi wa Mei."

Kwenye foleni ya chakula wenzake walimtania, ingawa walijua ukweli.

"Pakou, mikono yako leo imelala wapi?"

"Imelala kwenu. Mama yako ameipikia uji."

"Basi nenda kamwambie mzee."

"Nenda wewe. Una mdomo mkubwa kuliko tarumbeta."

Hakuna aliyekwenda. Pakou alikula viazi vyake vya jibini nusu, akaichukua ngoma yake na ya jirani yake, akamfuata Verlin nyuma ya lori alikokuwa akihesabu skrubu za akiba kwenye kopo la kahawa.

"Mzee Tesch, naomba uisikilize tena."

"Nimeshaigonga mara tatu, binti."

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza tangu asubuhi."

Verlin anakumbuka kwamba alikasirika kidogo. Aliigonga ngoma, akasema iko sawa. Pakou akaiweka ya jirani kando yake, akapiga hii, akapiga ile.

"Zinafanana, Mzee?"

"Zinafanana."

Pakou alikaa chini kwenye nyasi, akaupa mgongo ukuta wa lori, akafunika uso.

"Daktari aliniambia mambo yangu kwa mashine na karatasi za mistari, sikuamini," anasema Verlin. "Niliamini nilipomwona yule mtoto ameketi pale."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka 1978, Verlin alipokuwa mpigaji mwenyewe, dawa ilikuwapo, kipande cha sifongo cha senti chache cha kuziba sikio. Lakini aliyeziba alichekwa msimu mzima. "Walituambia anayeogopa ngoma akajiunge na kwaya," anasema. Baadaye, akiwa fundi, alisimama hatua mbili mbele ya ngoma hizo saa kumi na mbili kwa siku, masikio wazi, kila kiangazi. Majira mengine ya mwaka alishinda kwenye mashine za kiwanda cha karatasi mpaka alipostaafu.

Daktari amempa sikio la kulia hadi majira ya baridi. Vifaa vya kusikia viligharimu dola 4,800 na bima ikakataa. Kikosi humlipa dola 600 kwa msimu, na chakula. Alivinunua kwa fedha ya kuezeka paa upya, na vinamsaidia kwa maneno ya watu, lakini si kwa ngoma.

"Nikivivaa, ngoma inalia kama mtu anatikisa sanduku la misumari. Nikivivua, zote tisa ni mlango mmoja unagongwa."

Nyumbani, birika linachemka mpaka linakauka. Ndege wa dirishani aliacha kuwasikia kabla ya kustaafu, akadhani wamehama. Mkewe, Ardis, amebandika ubao mweupe kwenye friji, na hapo ndipo wanapozungumza mambo marefu.

"Miaka arobaini na miwili ya ndoa, sasa tunagombana kwa kalamu," anasema Ardis. "Na ana ujanja huyu. Nikiandika jambo asilolitaka, anafuta anasema hakuliona." Anacheka, kisha anaacha kucheka. "Sauti yangu ndiyo aliyoipenda kwanza. Nilikuwa napokea simu kiwandani."

Jumanne ile ile, kabla jua halijatua, Verlin alikwenda kwa Desmond. Desmond ana miaka 34, na ngoma yake ya kwanza ilikazwa na mikono ya mzee huyo huyo.

"Mrudishe yule binti mstarini," alimwambia. "Mikono yake mizima. Masikio yangu ndiyo mabovu."

Desmond anasimulia. "Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, ungeniondoa. Nikamwambia, ndiyo Mzee, ningekuondoa. Sikutaka kumdanganya, alikuwa hajanidanganya siku ile."

Ni Pakou aliyezuia mzee asiondolewe. Asubuhi ya Jumatano, aliporudishwa mstarini, alifika saa moja kabla ya wenzake na kusimama mbele ya lile gunia. Alisema mikono ya mzee haina mpinzani, tatizo ni masikio tu, na masikio yeye anayo. Tangu siku hiyo wanafanya hivi: mzee anakaza, binti anasikiliza. Kidole juu, kidole chini. Ngoma zote tisa zilizokuwa zikimchukua Verlin robo saa sasa zinawachukua dakika arobaini wawili hao. Desmond amekubali kwa msimu huu. Kuhusu mwakani hakuahidi.

Leo, ngoma ya tisa inapomalizika, Pakou anainua kidole gumba. Verlin anakaa juu ya visigino.

"Igonge," anasema.

"Igonge wewe, Mzee. Mimi mpigaji tu."

"Mimi nitagonga kitu nisichokisikia? Huo ndio mchezo wa Jumanne. Gonga."

Binti anagonga mara tatu, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.

Wapigaji wanapokuja kuchukua ngoma, Verlin anasimama na kopo la kahawa. Skrubu hazimo tena, limejaa vizibo vya masikio. Kila mmoja anachukua viwili na kuvitia masikioni, mzee akimtazama. Asiyeziba hapewi ngoma. Kijana mmoja anamwambia vinamwasha. "Nenda kaliulize sikio langu la kushoto kama linawashwa," Verlin anamjibu, na yule anaziba.

Mipango yake ni miwili. Wa kwanza ni ufunguo: anataka mwakani, umri wa Pakou wa kupiga utakapokwisha, binti huyo aje kama fundi. Ameshamwambia. Pakou amesema atashauriana na wazazi wake, maana mapazia yana msimu wake pia.

Wa pili ni usiku wa fainali za Agosti. Kwenye fainali kikosi hucheza dakika kumi na moja, na kwa Pakou hizo zitakuwa za mwisho.

Ngoma zinaanza. Zamani Verlin angesimama hatua mbili tu mbele ya ngoma. Leo amerudi mpaka kwenye lori, hatua zaidi ya sitini, ameuziba mlango wa sikio la kulia kwa kizibo, na juu ya kizibo ameweka kiganja chake kizima. Anavitazama vijiti vikipanda na kushuka. Atakuwa hivyo Juni yote, anasema, na Julai.

"Nimelipumzisha," anasema, sauti yake ikiwa kubwa kuliko anavyojua. "Bado lina dakika kumi na moja ndani yake. Sitaki kuzimaliza hapa."