Nahodha na Prosesa Iliyochemka

Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, majirani wa Igogo walimpa Ndalahwa pole kama mtu aliyefiwa. Alikuwa nahodha wa kivuko kilichovusha watu hapo kwa miaka mingi kabla ya daraja, hata mkewe Suzana akawa anasema kwamba kitandani pia anageuka polepole kama anayetafuta gati. Lakini pole zile hazikuwa na kazi. Binti yao Hellen, mchora ramani za nyumba, alihamia Dodoma akaacha kompyuta yake kubwa ya mezani, na ndani yake mzee aligundua mchezo wa kuendesha meli. Tangu hapo akawa kama kijana aliyepata mchumba.

Akishakunywa chai anakaa mbele ya skrini na kutoa meli ya mizigo kwenye bandari za nchi zenye barafu. Suzana akipita na beseni la dagaa humuuliza kama safari hii amebeba sweta. Naye humjibu kwa uso mkavu kwamba leo upepo wa huko ni mkali, na Suzana hucheka mpaka inabidi aweke beseni chini.

Tatizo lilianzia kwenye mawimbi. Kompyuta ilikuwa inakwamakwama, mawimbi yanasimama hewani kama nguo kwenye kamba, halafu yanaanguka yote kwa pamoja. Ndalahwa akatazama video za vijana wanaofundisha namna ya kuifanya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ikimbie kupita kasi iliyowekewa kiwandani. Akafuata maelekezo yao. Akaipandisha kasi, na ili isiyumbe akaiongezea na umeme. Mawimbi yakaanza kutiririka. Alimwita Suzana aje kuona maji. Suzana akamwonyesha dirisha, ziwa zima limelala pale chini ya miamba, akamuuliza yale ya nje yana kasoro gani.

Mzee hakusikia. Kasi ilikuwa imempanda kichwani. Kila siku akaongeza kidogo, akifurahi peke yake, akiimba nyimbo za kwaya kwa maneno yasiyokuwemo. Mpaka siku moja, meli imebakiza kidogo kugusa gati, skrini ikazimika. Akawasha, ikazimika tena. Feni zilivuma kama mashine ya kusaga. Alipofanikiwa kufungua programu inayoonyesha joto, prosesa ilikuwa inakaribia nyuzi mia moja.

"Kwa joto hilo chai inaiva," Suzana alisema.

Ndalahwa akampigia simu Pius, aliyekuwa fundi wa injini kwenye kivuko kilekile, rafiki yake wa siku zote. Pius alifika mchana huohuo na mfuko wa spana za kufungulia injini ya lori. Hakuna hata moja iliyolingana na kitu chochote ndani ya kompyuta. Walizipanga sakafuni, wakazitazama, wakacheka kama watoto. Kilichofungua kompyuta ni bisibisi ndogo ya cherehani ya Suzana.

Kabla ya kugusa kitu, Pius aliuliza swali moja. "Nahodha, injini ikichemka unaanza na nini?"

"Napunguza mwendo."

"Basi punguza."

Ndalahwa akasema hii si injini. Ukweli ni kwamba hakutaka kuyapoteza mawimbi yake, na wote watatu walilijua hilo. Pius akakubali watafute kwingine kwanza.

Walitoa ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni ya mezani. Joto likashuka kidogo tu, kama mtu anayesalimia shingo upande. Pius akaeleza kwamba kama hewa baridi inaingia tele na bado haisaidii, basi joto limekwama kwenye prosesa yenyewe, halipandi kwenye kipozeo, lile pande la chuma lenye mapezi linalokaa juu yake. Wakaling'oa. Pesti iliyopakwa katikati ili kupitisha joto ilikuwa imekauka na kupasuka kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi.

Walikwenda mjini kununua nyingine. Suzana aliongozana nao, kwa sababu alijua wakiachwa wawili watarudi na sato wa kuchoma na kusahau pesti. Walirudi na vyote viwili. Wakaifuta ile ya zamani kwa pamba na spiriti. Ndalahwa alitaka kupaka nyingi, kama mtu apakaye siagi kwenye mkate, Suzana akamzuia mkono na kumwambia tone kama punje ya choroko linatosha. Kisha mzee akafunga kipozeo kwa nguvu zake zote za unahodha, akamaliza upande mmoja kabla ya kugusa mwingine. Walipowasha, kompyuta ilizimika hata kabla mchezo haujafunguka.

Suzana ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Pius alijilaumu, maana hata tairi la gari hulikazi upande mmoja kwanza. Wakafungua, wakapaka upya, wakakaza skrubu kwa kukingamana, kidogo huku, kidogo kule, mpaka kipozeo kikakaa sawasawa.

Safari hii joto lilitulia. Lakini alipoingiza meli kwenye dhoruba, lilianza kupanda tena, taratibu, likapita tisini. Kilichobaki kilikuwa kimoja, kile alichokisema Pius mwanzoni. Ndalahwa alishika kidevu.

"Baba Hellen," Suzana alisema kwa upole, "umevusha watu maisha yako yote na hujazamisha hata kuku. Ulikuwa unakimbia?"

"Hapana."

"Basi."

Ndalahwa akafungua ukurasa wa mipangilio, akapunguza umeme kidogo, akajaribu, akapunguza tena. Mwisho akaishusha na kasi yenyewe. Dhoruba ikavuma, meli ikapanda na kushuka, na joto likakaa sabini na kitu bila kutikisika. Ndalahwa aliyakazia macho mawimbi kwa muda mrefu, akitafuta tofauti. Hakuiona; kumbe tangu mwanzo kilichokuwa kinayakwamisha ni joto la ile pesti iliyokauka. Akajicheka mpaka machozi yakamtoka, Pius akimpiga mgongoni.

Suzana akamwambia asogee. Alisema ameshavushwa vya kutosha, leo na yeye anavusha. Ndalahwa akampisha kiti na kumwelekeza vitufe. Suzana alisukuma mwendo wote mbele, akaligonga gati katikati, na makontena yakaanza kumwagika majini moja baada ya jingine. Pius alikuwa chini sakafuni, ameshika mbavu. Nahodha alitaka kueleza meli inavyosimamishwa, lakini sauti haikutoka kwa kicheko, akabaki anaonyesha kidole kwenye namba za joto, ambazo hazikuwa zimepanda hata kidogo.

Suzana alingoja meli izame yote. Kisha akauliza kama kuna nyingine.