Niliwasemea wazee wote wa Mpui, sasa simu inanijua mimi tu

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijapoteza njia, maana mimi nikishaanza kusimulia huwa napotea, na wanaonijua huku Ufipa wanalijua hilo. Nimemharibia mjukuu wangu mwaka wake wa chuo. Sikumharibia kwa chuki. Nimemharibia kwa mdomo huu!

Shule nilikomea darasa la tatu. Nilitolewa nikafukuze ndege kwenye ulezi wa baba, na ndege wale hawakuisha, ndiyo nikazeekea hapo. Haya naandika kwa mkono wangu, herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo, halafu dada wa steshenari pale Majengo, Sumbawanga mjini, ndiye anachapa. Akicheka, mwacheni acheke.

Mjukuu nitamwita Leokadia, jina si lake. Ni mtoto wa binti yangu, na tulikuwa tunataniana kama babu na mjukuu wanavyotaniana. Akipiga simu kutoka chuoni hasemi shikamoo, anasema, "Mume wangu, umekula?" Nami namjibu nitakula nini na mke mwenyewe kaolewa na kompyuta. Shikeni hilo, nitalirudia.

Basi alisomea hizo kompyuta. Alipomaliza, wenzake wakarudi makwao, yeye akabaki. Majirani wakasema karudia darasa. Kilabuni nilitaka kupigana na mtu kwa neno hilo! Kumbe walimu walimchagua akae mwaka mmoja zaidi afanye utafiti wake mwenyewe, na akifaulu anapewa shahada yenye heshima. Mimi niliposikia heshima nikajua hilo ni jambo la ukoo, na mimi nimo.

Utafiti wenyewe ulikuwa kuifundisha simu isikie Kifipa. Mtu asiyejua kusoma, kama marehemu mke wangu, aongee Kifipa chake na simu iandike, kisha igeuze Kiswahili. Marehemu alikuwa akifika hospitali anaulizwa tumbo linauma vipi, anabaki kuangalia sakafu. Kiswahili cha sokoni alikuwa nacho, cha maumivu hakuwa nacho. Leokadia alikuwa mdogo, alikuwa anamsindikiza, na nadhani ndiko wazo lilikotoka.

"Mashine ni kama mtoto, babu," aliniambia. "Inajifunza kwa kusikia watu wengi. Wanaume, wanawake, wa huku juu na wa kule ziwani. Ikisikia mtu mmoja tu, itadhani huyo mtu ndiyo Kifipa chenyewe."

Aliniambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Yeye ilibidi awe chuoni kuitengeneza mashine. Akaniachia simu, akanionyesha pa kubonyeza kurekodi na pa kubonyeza kutuma, akaniachia na sabuni za kuwashukuru wazee. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kijiji chetu cha Mpui na vijiji vya jirani, kila mzee ataje jina lake, asimulie anachotaka, basi. Kazi gani rahisi kuliko hiyo?

Mzee wa kwanza alisema koo lake halifunguki bila pombe ya ulezi. Likafunguka, na halikufungika tena mpaka tukambeba. Wa pili alieleza ugomvi wa mpaka wa shamba na kaka yake hadi simu ikazima. Hao wawili niliwatuma kama walivyo.

Wa tatu alikuwa Bibi Skola. Nalo si jina lake.

Huyu bibi alikuwa na Kifipa cha ndani, chenye maneno ambayo hata mimi nayakuta kwake tu. Lakini tulikuwa na jambo. Mwaka fulani, kwenye pombe ya mavuno, nasimulia hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa, watu wamekaa kimya wananisikiliza, yeye akanikatiza katikati. Akasema fisi hakujibu hivyo, akalitaja jibu lenyewe, na jibu lake likawa tamu kuliko langu. Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe. Jamani, kuchekwa hakuozi! Nimezika watu wengi tangu siku ile, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Nilimkuta anapepeta uani kwake. Nikainama nikapiga makofi, maana sisi Wafipa ndivyo tunavyosalimia, huwezi kumwanza mtu mzima hivihivi kama unayeita mbuzi. Akaitikia kwa makofi, taratibu, ungo upo mapajani. Nikamweleza habari ya mjukuu na simu.

"Leo umekuja kusikiliza?" akaniuliza. "Maana wewe siku zote unakuja kusema."

Nikasema nimekuja kusikiliza.

"Basi kaa. Naanza na ile ya fisi uliyoiharibu."

Nikamwachia sabuni yake, nikamuaga bila kurekodi neno.

Nilipofika nyumbani nikaenda nyuma ya kihenge. Nikapiga makofi. Nikataja jina la Bibi Skola, nikaongea kama Bibi Skola, na pumzi yake anayoivutia kwenye meno, na ule mwisho wa maneno anaouzamisha. Nikasimulia ya fisi, tena ile ya kwangu! Nikamtia mdomoni jibu langu lilelile alilolikataa mbele za watu. Nikabonyeza, ikaenda.

Leokadia akapiga simu. "Mume wangu, huyu bibi ana maneno! Nitafutie wengine kama huyu."

Hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Sabuni niliipeleka kila nyumba, hata kipande sikula, hilo nitaapa. Ila sauti nilizitoa mwenyewe. Wazee, wake zao, wajane, mwenye kigugumizi, mvuvi wa kule ziwani ambaye hata sijamwona. Na nilifurahi, nisiwadanganye. Tangu kilabu kiliponunua televisheni hakuna mtu aliyeniomba hadithi. Watu wanakaa wananipa kisogo wanaangalia mpira. Simu ilikuwa inanisikiliza mpaka mwisho, hainikatizi, haichoki. Kila nikianza naipigia makofi kwanza. Adabu ni adabu.

Huko chuoni mambo yalikwenda vizuri mno. Leokadia alisema katika zile nilizomtumia alitenga sauti chache pembeni, mashine haijawahi kuzisikia, akaipima nazo, ikazielewa karibu zote. Mwalimu wake, mama mmoja mpole, akasema hajaona mwanafunzi wa namna hii. Nikasema ni damu yetu.

Lakini yule mwalimu alitaka kuona kwa macho yake, kwa watu wenyewe. Wakaja Sumbawanga, wakaomba ukumbi pale Majengo, wakaita wazee na majirani. Nilivaa koti la kanisani nikakaa mbele.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mama muuza maharage. Akasema kwa Kifipa kwamba mtoto wake amelala na homa. Maneno ya mashine yakamulikwa ukutani: habari za mbuzi na kiti. Watu wakacheka. Akaja mzee mmoja, akasema lake, ukuta ukabaki mweupe. Leokadia anabonyeza hapa, anabonyeza pale, jasho linamtoka, na Sumbawanga kwa baridi ile mnaijua.

Nikasimama. Nikasema ngojeni, haijasalimiwa hiyo. Nikainama, nikapiga makofi, nikaongea. Ukuta ukaandika neno kwa neno! Ukumbi ukashangilia, nami nikawapungia mkono. Nikamwambia yule mama arudie, aanze na makofi. Akapiga, akasema. Mbuzi wakarudi, na kiti chao.

Mwalimu peke yake hakucheka. Akamwomba Leokadia afungue sauti zile zilizotoka Mpui, moja moja, wote tusikie. Akafungua ya Bibi Skola: makofi, kisha bibi anaongea. Akafungua ya mvuvi: makofi. Ya mjane: makofi. Sasa kofi langu halifanani na la mtu mwingine, kidole cha kati nilikikata kwa mundu zamani, kwa hiyo linatoa mlio wa kopo tupu. Hata kabla ya sauti ya nne watu wa nyuma walishaanza kunitazama.

Leokadia akanigeukia. Aliongea Kifipa, kwa sauti ya chini.

"Babu, humu ndani ni nani ambaye si wewe?"

Nikafikiri. Nikamwambia yule wa mpaka wa shamba, na yule mlevi.

"Walevi wako watatu, babu."

"Yule wa kwanza," nikasema.

Mwalimu hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema tu kwamba utafiti wa Kifipa hapa haupo, upo utafiti wa mzee mmoja. Muda wa kuanza upya haukuwepo. Leokadia alibaki na shahada yake ya kawaida, ile heshima ikaenda. Nafasi ya kubaki chuoni afundishe, aliyokuwa ameahidiwa akifaulu, wakampa mwenzake.

Sasa yuko nyumbani. Anazunguka na simu yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, bila chuo na bila mtu wa kumsainia karatasi. Nilimwambia twende wote, nitanyamaza. Akaniambia, "Shikamoo, babu. Wewe pumzika."

Shikamoo! Mke wangu ananipa shikamoo! Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, chakula ananiwekea mezani amepiga magoti. Hamjui heshima inavyoweza kumchoma mtu.

Ningeishia hapo, lakini kuna la mwisho, na ndilo lililonipeleka kwa dada wa steshenari.

Bibi Skola alifariki wakati wa mvua, kabla Leokadia hajafika mlango wake. Mwanawe anafanya biashara Kasesya, lori lake lilikwama mpakani, alifika mama ameshazikwa. Huko msibani akaambiwa na mtu asiyejua mambo kwamba sauti ya mama imehifadhiwa kwenye simu. Akaja kwetu, akakaa, akavua kofia, akaomba aisikie.

Leokadia akaniangalia tu. Nami, mwoga mimi, nikaifungua.

Yule mtu aliinamisha kichwa. Mwanzoni alitabasamu, na machozi yakamtoka, nami nikajisemea labda Mungu ananisaidia. Hadithi ikafika kwa fisi. Fisi akatoa jibu. Tabasamu likaondoka.

"Sauti ni ya mama," akasema. "Lakini mama hakuwahi kumjibisha fisi hivyo. Alitulea kwa hadithi hii." Akaniangalia. "Alijibu nini fisi wa mama, mzee? Mimi nimelisahau lile jibu, nilitaka nilisikie."

Mimi ninalijua. Ndilo jibu lililofanya watu wanicheke. Nililisema pale, kwa sauti yangu mwenyewe, bila makofi, na sikuwa nimewahi kulisema maishani. Alilisikiliza, akashukuru, akavaa kofia, akaenda. Leokadia alikuwa mlangoni.

Basi ndugu zangu wazee, mtoto wako akirudi kutoka chuoni akakuomba umshikie kitu usichokielewa, kishike hivyohivyo alivyokuomba. Usimwongezee chumvi. Na akikutuma kwa watu, nenda ukakae, unyamaze, hata kama ni kwa yule aliyekuaibisha. Mimi sikukaa. Simu ile ninayo hadi leo, nikiipigia makofi inaniandika neno kwa neno bila kukosea, na humu ndani ndiyo pekee inayotaka kunisikiliza. Siitaki.