Mwanamke wa Kwenye Karatasi ya Karanga

Sina hakika kama mimi ni mtu wa kusema juu ya michoro. Shule niliiacha mapema, na kazi yangu ni kupokea magunia kwenye depo moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Lakini macho ninayo, na karanga nakula.

Karibu na kwangu, mtaani Kamenge, kuna mama mjane aliyetoka upande wa Uvira, anauza karanga za kukaanga. Anachana karatasi za vitabu vya zamani nusu kwa nusu, anazikunja mfano wa pembe, anakufungia. Siku moja nilipomaliza karanga nikaikunjua karatasi nijifute chumvi vidoleni, nikakuta picha ya chungu. Cheusi, kinang'aa, kimejaa vipele shingoni, kimeegemea upande mmoja kama mtu aliyetoka kunywa akaona aibu kuingia kwake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza sijui, ila maneno South Africa niliyatambua, tunayaona kwenye makasha kule depo kila mara.

Shemeji yangu yuko hukohuko. Hututumia picha za viatu vyake tu. Nani angeniambia kwamba kuna watu wanaofinyanga namna ile, na wako hai, wanafinyanga hata leo? Kwetu chungu ni cha maharage, na aliyekifinyanga hatumuulizi hata habari.

Kesho yake nikarudi. Nikapata bakuli lenye samaki wanaogombana. Siku nyingine nikapata mchoro: nyumba za mabati kama zetu, zimepakwa rangi ya waridi, na kamba ya nguo katikati. Nilisimama njiani nikaanza kutazama mabati ya jirani zangu. Pengine najidanganya, lakini jioni ile yalikuwa na rangi ya waridi kweli.

Halafu nikampata mwanamke. Gauni la manjano, ameketi, anatazama magotini kwake, anacheka hadi mabega yamepanda. Anacheka nini? Magoti yalikuwa kwenye nusu nyingine.

Nikamwendea mama wa karanga. "Mama, nusu ingine ya uyu mwanamuke iko wapi?"

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "We baba, uko na mwanamuke muzima kwako, unakuja kutafuta nusu apa?"

Wateja wakacheka. Nikamwomba aniuzie kitabu chote.

"Apana. Mi nauzisha kalanga. Nikikupa kitabu, watu nitawafungia mu nini? Mu mukono?"

Alikuwa na haki. Nikamletea karatasi za mifuko ya saruji badala ya kitabu. Akaipiga moja kofi, vumbi likatoka, akauliza kama nataka kumaliza watu wa Kamenge.

Basi nikaendelea kula. Tatizo ni kwamba huku wanasema karanga zinampa mwanaume nguvu. Mtu wa umri wangu akionekana nazo kila jioni, hakuna anayefikiria michoro. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, akaanza kuniita kijana. "Kijana, polepole sha, moyo utapasuka!"

Kisha siku moja mke wangu, akichambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Izi nguvu za kalanga, unapelekaka wapi? Apa sijaziona."

Nikainua godoro, nikatoa chini yake picha zangu zote, nikazitandaza mkekani. Afadhali kuonekana mjinga kuliko kuonekana mzinzi, ingawa sina hakika jirani angekubali. Akazitazama moja moja. Kwenye chungu kilichoegemea akacheka: "Iki ni wewe, siku ya mushahara." Kwenye mwanamke wa manjano akaweka kidole pale karatasi ilipochanwa.

Akainuka, akaenda jikoni. Akarudi na karatasi yenye madoa ya mafuta, iliyokuwa imefunga chumvi. Kumbe naye alikuwa amekwenda kwa yule mjane, aone ni mwanamke wa namna gani, na kwa adabu akanunua karanga.

Magoti! Mwanamke ameketi kwenye kreti ya soda, na magotini ana bakuli la udongo. Ndani ya bakuli wamemchora yeye mwenyewe, mdogo kama kidole, anacheka akitazama juu. Mchoraji na mfinyanzi, sijui ni mtu mmoja au ni wawili, walikuwa wametucheka sote.

Nikanyoosha mkono. Mke wangu akaivuta karatasi.

"Apana. Ii ni yangu. Nilinunua na wivu yangu."

Tukapika uji mzito wa muhogo kama gundi, tukabandika nusu zote mbili ukutani, mimi yangu juu, yeye yake chini. Zimeachana, upana wa kidole unapita katikati ya kiuno. Nikamwambia ainue yake kidogo. Akasema mwanamke aliyeketi hainuki. Nusu ya kushuka, akasema, ni yangu. Nimeitazama mara nyingi na, kusema haki, ana haki. Lakini uji umeshakauka.

Jana jioni mke wangu akanipa kikapu. "Enda kwa ule mama wako. Na uangalie karatasi mbele ya kulipa."